Mbuzi wa Kina Milembe

Mwanangu wa mwisho ana tabia ya kuniletea vitu kutoka shambani kwake bila kuuliza kama navitaka. Mwezi uliopita aliteremsha kwenye pikipiki furushi la marando, ile mikia ya viazi vitamu ya kupanda, amelifunga kwa gunia lililoloweshwa maji, akalibwaga barazani. Akasema, "Mama, wewe si bibi shamba mstaafu? Panda hapo nyuma ya jiko, usikae bure." Harufu ilikuwa imeshanifikia. Marando yaliyokatwa asubuhi yananuka ubichi wa namna yake, na utomvu wake ukikugusa, vidole vinabaki vyeusi siku tatu, usugue kwa jivu, usugue kwa nini. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikashindwa kulivuka lile furushi. Mwanangu akadhani ni presha, akanitafutia kiti.

Haikuwa presha. Ilikuwa aibu, na aibu yenyewe ina umri mkubwa kuliko yeye. Ninyi wenzangu mliokula mahindi ya njano ya msaada na kupanga foleni ya sabuni mtanielewa upesi kuliko watoto hawa, kwa hiyo nawasimulia ninyi. Na msinihurumie kabla sijamaliza.

Kwetu ni upande wa Kharumwa. Kijiji kilikuwa kipya, tulikuwa tumehamishiwa pale, nyumba zimepangwa mstari, mashamba yako mbali, na majirani ni watu ambao mwaka juzi ulikuwa huwajui hata kwa sura. Wanaume walizoeana kwa ng'ombe na pombe. Wanawake walizoeana kwa viazi. Wakati wa mavuno walikaa pamoja kivulini na visu, wanakata viazi vyembamba na kuvianika juu ya miamba mpaka vikauke viwe michembe, vingine wanavichemsha kwanza ndipo wavianike, hayo ndiyo matobolwa. Nyumba yenye michembe ghalani, mvua ikikataa, watoto wanalala wamekula. Nyumba isiyo nayo inakula kwa macho.

Sasa viazi vina shida moja. Mbegu ya mtama unaitundika juu ya jiko, moshi unailinda, unaisahau mpaka mvua inyeshe. Mbegu ya viazi ni mmea ulio hai. Lazima iwe mahali inakunywa maji kiangazi chote, miezi yote ile ambayo hata ng'ombe wanakosa. Ukiiacha ikafa, mvua ikija unabaki umeshika jembe unatazama wenzako wanapanda. Kwa hiyo kina mama wa pale walikubaliana bustani ya mbegu iwe moja, korongoni, karibu na kisima, kwa ajili ya nyumba kumi na tano, na mlinzi wake awe mama yangu. Walimchagua kwa sababu alikuwa na mkono wa kuotesha. Bwana shamba alipopita na baiskeli yake aliisifu bustani ile mbele ya watu, akaandika jina la mama kwenye daftari, na mama akatembea wiki nzima shingo imenyooka.

Watu walimwita Mama Kulwa. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba, lakini walipozaliwa pacha, Kulwa na Doto, jina langu likamezwa kabisa, ndiyo desturi yetu. Nililinunia jambo hilo kimyakimya. Mwaka ninaousimulia pacha walikuwa na miaka minne, mimi nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe mbali, upande wa Ushetu, kutafuta majani. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetudanganya, michembe iko chini ya ghala, na tulikula mara moja kwa siku, ugali wa muhogo na mlenda. Kina mama wote walikuwa wanahesabia mvua inayokuja, na kwa mvua hiyo walikuwa wanahesabia marando.

Kisha mama akachomwa mguu na mwiba wa mgunga. Ukavimba mpaka akawa anatambaa kwenda uani. Akaniita, akanikalisha mbele yake, akaniambia kwa Kisukuma, polepole, kama anavyoongea na mtu mzima, "Ng'wanone, mwanangu, marando sasa ni yako. Ukitoka shule, debe la kwanza ni la marando, debe la pili ndilo la nyumbani. Sisi tunaweza kuvumilia kiu mpaka jioni. Yale hayawezi." Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia, msifikiri sikuelewa lugha.

Siku za mwanzo nilifanya vizuri. Nilichota kisimani, nikapandisha debe kichwani, nikafungua mlango wa ua wa miiba, nikamwagia mstari kwa mstari. Jioni mama alikuwa akiniuliza, "Marando yamekunywa?" Nami namjibu, "Yamekunywa, mama."

Ng'ambo ya korongo palikuwa na kambi ndogo ya wachimba dhahabu. Walikuwa watu wa kila kabila, wanapekecha mchanga kwenye makarai toka asubuhi, wanaongea Kiswahili cha haraka ambacho sisi tulikisikia redioni tu. Mpishi wao alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka pwani, tulimwita Babu Saidi, kofia yake nyeupe haikuwahi kuchafuka na sijui aliwezaje katika vumbi lile. Kisima chao kilikuwa kimeanza kutoa tope. Siku moja aliniona napita na debe, akaniita kwa adabu.

"Mjukuu wangu, shikamoo hujui?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Maji hayo unampelekea nani?"

"Napelekea marando."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Marando! Yatakwambia ahsante? Nipe mimi hilo debe, nikupe kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa ukoko. Ukoko wa ugali wa sembe, mweupe, umeungua kidogo pembeni, amemwagia mchuzi wa maharage juu. Wenzangu, sitaki kuwapamba maneno. Nilikuwa sijaonja sembe tangu mavuno ya mwaka juzi. Nilikaa kando ya jiwe nikala ule ukoko, nikalamba sufuria, nikalamba na vidole. Nikamshukuru, nikarudi kisimani kuchota debe la nyumbani. La marando sikurudi kulichota, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na kisima kinatoa maji kwa kudondosha, kulijaza debe ni kukaa na kata muda mrefu. Nilijisemea siku moja haiui.

Jioni mama akauliza, nikamjibu, "Yamekunywa."

Kesho yake nikapita tena palepale, na safari hii sikungoja kuitwa. Na keshokutwa. Ikawa ndiyo njia yangu. Simlaumu Babu Saidi, alikuwa mtu mwema aliyeona mtoto ana njaa, na hakujua marando maana yake nini kwetu. Mimi nilijua. Ila nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto. Nilikuwa nimeona nyasi za mbugani zinakauka mpaka zinakuwa vumbi, halafu mvua moja tu, zinarudi kijani kana kwamba hazikuwahi kufa. Nikaamini marando nayo ni hivyohivyo, yamelala tu. Niliyaona yananyauka, nikayaambia mvua inakuja. Na jambo linaloniumiza zaidi ni hili: sikuwahi kuwabebea Kulwa na Doto hata kipande. Waliningoja mlangoni na matumbo yao, wananusa mikono yangu, Doto akasema, "Dada unanukia maharage." Nikampiga kofi.

Hali ikaenda hivyo karibu mwezi, na ua wa miiba ulikuwa mnene, hakuna apitaye kisimani aliyeona ndani. Ijumaa moja jioni mama akasimama, akakanyaga chini, akatabasamu. "Mguu umerudi. Kesho nashuka nikayaone marando yangu."

Sikulala vizuri, hilo mnaweza kukisia. Asubuhi ya Jumamosi nikasema natangulia kuchota maji. Nilipofika bustanini ndipo nilipotazama kwa macho ya mama yangu kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na bustani. Palikuwa na kamba za kahawia zimelala juu ya ardhi iliyopasuka. Nilishika moja, ikavunjika.

Kando ya korongo, amefungwa kwenye mti, alikuwepo mbuzi wa Mama Milembe.

Huyu mama alikuwa Msumbwa, mjane. Mume wake alifukiwa na udongo kwenye mashimo ya dhahabu, akamwachia mtoto mmoja, Milembe, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, na mbuzi jike mmoja. Mbuzi alikuwa na mimba kubwa. Kila mtu pale kijijini alijua mipango ya Mama Milembe, maana alikuwa anaisema: mbuzi azae, kitoto kiuzwe mnadani kinunue chakula cha kuwafikisha kwenye viazi, maziwa wapate wao, na Milembe aendelee na shule. Asubuhi zote Milembe ndiye aliyemleta mbuzi korongoni, akamfunga, akaenda kuokota kuni.

Nilimfungua. Fundo lilikuwa gumu, nilitumia meno. Nikamvuta mpaka kwenye ua, nikasogeza matawi ya miiba, nikamwingiza ndani, kamba nikaiacha inaburuta shingoni. Akaanza kula. Mbuzi hachagui, wakati wa kiangazi hata jani kavu analitafuna. Nikakaa nikamsubiri. Nasema tena, nikakaa nikamsubiri, kwa sababu watu husema mtoto hutenda mambo bila kufikiri. Mimi nilifikiri. Niliona amekula vya kutosha, nikakwaruza udongo kwa kwato zake huku na huku kwa kumvutavuta, ndipo nikakimbia kupanda kijijini nikipiga ukelele kwamba mbuzi wa kina Milembe amemaliza marando.

Nilidhani mbuzi atachapwa fimbo mbili, Mama Milembe aambiwe awe mwangalifu, na maisha yaendelee. Sikujua kwamba wiki chache kabla mama hajachomwa mwiba, sisi tukiwa shule, nyumba kumi na tano zilikuwa zimekaa kikao na kupitisha kwamba mnyama atakayeingia bustani ya mbegu anachinjwa siku hiyohiyo na nyama inagawanywa. Na aliyelitoa wazo hilo, kwa kuyapenda marando yake, alikuwa mama yangu.

Wakashuka wote. Balozi wa nyumba kumi alikuja na fimbo yake, wanaume watatu, kina mama na vitambaa vichwani, Mama Milembe na jembe begani kwa sababu alitokea shambani. Mama yangu alikuja nyuma kabisa, anachechemea. Kina mama wakaanza kulia walipoiona ile bustani. Hawakulia kwa kelele. Mmoja alikaa chini tu, akaweka mikono kichwani.

Mama aliingia ndani ya ua. Akachuchumaa. Hakumtazama mbuzi. Alichimba kidogo kwa vidole penye shina, akachukua udongo, akausugua kiganjani, ukamwagika kama unga. Kisha akainua macho akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu mpaka balozi akauliza, "Mama Kulwa, unasemaje?"

Akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mbuzi amemaliza," akasema.

Nikashusha pumzi. Nilijisemea moyoni, ameamini.

Mama Milembe alipoelewa kinachotaka kufanyika, aliweka jembe lake miguuni kwa balozi. "Baba, chukueni jembe. Mbuzi ana mimba huyu, hata siku kumi hazifiki. Subirini azae, halafu mchukueni." Akamgeukia mama yangu. "Mayu, wewe una watoto. Sema neno."

Mama akatazama chini.

Balozi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watu kumi na tano nyuma yake wanaoona njaa inakuja. Akasema, "Sheria ni msumeno, mama. Leo tukikuachia wewe, kesho ng'ombe wa nani ataingia?" Hapo Milembe akatokea na mzigo wa kuni kichwani, hajui lolote. Mama yake alimfuata, akamwangushia kofi moja, kuni zikamwagika. Nilidhani ni hasira tu za kumpoteza mbuzi.

Walimchinjia palepale korongoni. Vitoto vilikuwa viwili. Sisi, kwa kuwa ni wenye bustani, tulipewa mguu mzima wa nyuma. Mama aliupika, akawapakulia pacha, akanipakulia mimi, yeye mwenyewe hakula. Mimi nilikula. Kama kuna mahali katika habari hii ningependa kuwadanganya ni hapa, niseme nyama ilinikwama kooni. Haikukwama. Ilikuwa tamu, nikanyonya na mfupa.

Siku ya pili yake mama alifunga mguu kwa kitambaa, akachukua michembe iliyobaki chini ya ghala, akaniachia pacha, akaenda kuhemea. Watu wa kwetu wakiishiwa huenda kuhemea nafaka kwa ndugu wenye shibe, wanalima kwao, wanarudi na kapu. Mama alikwenda kuhemea marando kwa kina mjomba wake, mwendo wa siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na katikati alilima siku nne na mguu ule. Alirudi na furushi kichwani na kidonda kimefumuka. Marando yalikuwa machache. Aliyagawa nyumba zote, akaanza na nyumba ya Mama Milembe. Mama Milembe alitoka, akapokea kwa mikono miwili, akasema "Wabeja, mayu," yaani asante mama, akaingia ndani. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwaona wamekaa tena kivuli kimoja.

Mvua zilianza. Tulipanda kidogo, tukapata kidogo, tukanusurika. Mama Milembe hakuwa na kitu cha kumfikisha kwenye viazi. Kabla palizi haijaanza alipita mfanyabiashara mmoja wa Kahama, anatafuta mtoto wa kumlelea mwanawe huko nyumbani kwake Nyahanga. Milembe akaondoka juu ya lori la pamba, amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo aliyokuwa nayo. Alinipungia. Nikakaa dawati peke yangu, mwalimu akasema nitandaze vitabu, nina nafasi.

Nikasoma. Nilikwenda sekondari, nikaomba chuo cha kilimo. Kwenye usaili waliniuliza kwa nini napenda kilimo, nikawasimulia habari ya bustani ya mbegu ya mama yangu, jinsi ilivyolisha nyumba kumi na tano, na jinsi mbuzi wa jirani mzembe alivyoiangamiza. Nilisimulia vizuri. Mzee mmoja kwenye meza alitikisa kichwa kwa uchungu, akasema watu kama mimi ndio wanaotakiwa. Nikapata nafasi. Kwa hiyo hata mshahara nilioula miaka yote ile, shina lake mnalijua.

Kazini niliwafundisha watu jambo lilelile. Kabla hujamwagilia, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Udongo uliokunywa jana unashikamana, udongo usiokunywa mwezi mzima unamwagika kama unga. Nilikuwa nimeshalisema hilo mara nyingi, kwa wanavikundi wengi, mpaka siku moja, niko katikati ya somo, udongo mkononi, watu wananitazama, nikaacha sentensi njiani. Nilimwona mama amechuchumaa. Nikajua kwamba alijua. Alijua toka dakika ile ya kwanza, na akachagua. Angesema kweli, nyumba yetu ndiyo ingekuwa imeua mbegu za watu, na katika mwaka wa njaa nyumba ya namna hiyo haigongewi mlango na mtu, na alikuwa na pacha. Simtetei. Ila najua ni mimi niliyemweka pale kwenye ua, mbele ya mwenzake aliyemwambia, wewe una watoto, sema neno.

Sikumuuliza hata mara moja. Likizo moja nilirudi nyumbani na mabuti yangu ya kazi, akanitazama nikiyavua. Akauliza, "Hivi unawafundisha watu kumwagilia?" Nikasema ndiyo. "Vizuri," akasema, akaendelea kupembua mchele. Tukaliacha hapo. Alikwenda nalo kaburini, na mimi nikabaki nalo peke yangu. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha pensheni.

Baada ya arobaini ya mama nilianza kumuulizia Milembe. Nikaambiwa aliolewa Ushetu, mume amefariki, analima tumbaku kidogo na mahindi, ana wajukuu. Nikapanda gari, nikaenda. Nilikuwa nimebeba kilo tano za sukari na kitenge, kana kwamba naenda kumposa mtu. Alinijua kabla sijafika mlangoni. Alipiga makofi, akanikumbatia, akasema, "Wa dawati moja huyu." Akamkimbiza kuku mwenyewe kwa miguu yake. Tulikula, tukamcheka mwalimu wetu wa hesabu, akaniuliza juu ya Kulwa na Doto. Akaniambia mama yake alifariki zamani, akiwa bado yuko palepale kijijini. Nilikuwa nasubiri upenyo niseme, na kila ukipatikana naupisha.

Jioni mjukuu wake akaja na mbuzi kutoka malishoni, akamfunga kwenye nguzo. Milembe akampigia kelele, "Funga mara mbili wewe! Sitaki uje uwe kama mimi." Halafu akanigeukia, anacheka. "Unakumbuka? Mimi nilimmaliza mama yangu kwa fundo moja. Yule mbuzi alijinasua kwenye kamba kwa sababu nilimfunga hovyo, niliwahi kuni. Mama hakuacha kunikumbusha. Nilipokuja kumsalimu na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, aliniambia, huyo mtoto umemfunga vizuri, au kama mbuzi? Mpaka anakufa. Na alikuwa na haki." Akakuna goti. "Mpaka leo nikifunga kitu narudi kukiangalia. Mlango, gunia, kamba ya ndoo. Wajukuu wananicheka."

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka yenyewe, ya ukoko kwanza, halafu marando, halafu mbuzi. Nilimwambia na la meno. Kwamba fundo lilikuwa gumu, nililifungua kwa meno. Niliongea nikitazama nyumba za jirani, sikuthubutu kumtazama yeye.

Wajukuu walikuwa wanacheza uani, kuku wanapanda juu ya mti kulala.

"Kwa meno," akasema.

"Ndiyo."

"Lilikuwa limekaza."

"Lilikuwa limekaza, Milembe."

Hakuniuliza habari ya shule, wala Nyahanga, wala vile vitoto viwili vya mbuzi. Alinyanyua mikono yake, akaitazama, mikono ya mwanamke wa tumbaku, myeusi tupu kwenye vidole. "Kumbe nilimfunga," akasema. Akarudia, taratibu, kama mtu anayejifunza neno. "Mama, nilimfunga."

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Alisema hivyo tu. Asubuhi alinichemshia chai, akanipa karanga za safari, akanifungulia mlango, akakaa kizingitini. Kwetu mgeni anasindikizwa, hata adui unamfikisha njia panda, unamshikia mzigo mpaka gari litokee. Nilitoka na mkoba wangu, nikatembea taratibu nikisikiliza hatua nyuma yangu. Nilipofika barabarani niligeuka. Alikuwa bado amekaa palepale kizingitini.